Chumba Juu ya Mfereji

Assalamu alaykum, mama zangu na dada zangu. Bi Mwenyekiti kaniambia nisimame niseme, na mie nilimkatalia mara mbili, maana mambo yenyewe yana aibu. Lakini naona zile fomu za mfuko wa maji ya mvua zimerudi, na wengi wenu mnazingojea kwa hamu. Basi nisikilizeni kwanza. Jina la mtu sitaji. Huyo nitakayemsema nimemwomba ruhusa, akanambia, "Sema, lakini useme yote."

Nyumba yangu iko Tibirinzi, kwenye mteremko. Mnaijua, mnakuja kununua sambusa. Ubavuni mwake palikuwa na mfereji. Marehemu baba mkwe wangu alikuwa akiupalilia kila mwaka kabla ya masika, ili maji ya juu yapite hapo mpaka bondeni kwenye mpunga. Alipofariki, mie nikauona mfereji unanilia kiwanja bure. Binti yangu akaposwa. Na fungate kwetu hukaliwa kwa mke, nami vyumba vyangu viwili tu. Bwana harusi nitamlaza wapi, barazani? Nikaamua kujenga chumba palepale juu ya mfereji.

Fundi akaniuliza, "Bi, na maji haya yatapita wapi?" Nikamjibu, "Yatajijua."

Mnacheka. Chekeni, mdomo wangu mnaujua. Lakini nawaambieni, ningeweza kulirudisha neno lile ningelirudisha.

Chini yangu anakaa jirani yangu. Mwanamke huyu ndiye aliyenishika mkono siku namzaa huyo binti niliyekuwa namjengea chumba. Vuli ile alianika karafuu zake uani, majamvi manne, jua linawaka, akaenda mazikoni. Mara mvua ikashuka. Desturi yetu mnaijua: mvua ikija, aliyepo anaanua karafuu za asiyekuwepo. Mie nilikuwepo. Nilikimbia, naam, lakini nilikimbilia chumba changu kipya kutazama kama kinavuja. Hakikuvuja hata tone. Nikachungulia dirishani nikaona maji yamekosa njia yake, yamegeuka, yanateremka uani kwake na matope mekundu. Yakabeba majamvi na karafuu zote, halafu ukuta wa jiko lake ukalala chini. Nami nimesimama dirishani, natazama.

Aliporudi akaja kwangu na buibui lake limerowa. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Shoga, maji haya yametoka wapi?" Nikamwambia, "Mvua ya Mungu hiyo. Mie nimeiita?" Astaghfirullah! Alinitazama, akageuka akaenda zake. Tangu siku ile hatukusemezana. Harusi ikaja, hakuja. Binti yangu akiwa amekaa kwenye mkeka wake na hina mikononi, akawa ananiuliza, "Mama, fulani yuko wapi?" Nikamwambia anaumwa. Nilimdanganya mwanangu siku ya harusi yake.

Masika yakafika, na maji yakanigeukia mwenyewe. Yalijikusanya nyuma ya kile chumba mpaka yakaingia chini ya msingi. Nyumba kubwa ikafanya ufa, kwanza mwembamba, baadaye mkono unapita. Mie mjane, nyumba ile ndiyo yote niliyo nayo. Nilikuwa nikisikia mvua usiku naamka kuutazama ule ufa. Hapo ndipo kikundi hiki kikaniambia kuna mfuko unaosaidia watu maji ya mvua majumbani mwao: mawe, saruji, tangi, na fundi wa kuelekeza. Nikaenda kwa Sheha mbio kujiandikisha.

Akaja binti mmoja wa mfuko, kavaa mabuti, kazunguka nyumba nzima. Nikamwonyesha pa kujenga ukuta wa kuyazuia maji. Akaniuliza, "Yakizuiwa hapa, yanakwenda kwa nani?" Akanambia, "Mama, hatutoi saruji ya kumfukuzia mtu maji." Akanionyesha kwenye fomu: jirani wa chini lazima akubali, atie saini.

Siku tatu nilishuka mpaka kwenye ua wake nikarudi. Siku ya nne nikapiga hodi. Alikuwa anapika chini ya makuti, jiko halijasimama bado. Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi. Hakuinua uso. Akauliza, "Umekuja kwa radhi, au kwa saini?"

Dada zangu, fomu nilikuwa nimeificha ndani ya kanga. Nikaitoa. Nikamwambia, "Kwa yote mawili. Na siku ile karafuu zako niliziona zinakwenda, sikutoka." Nikalia mpaka nikakaa chini. Akaniacha nilie, akageuza samaki wake. Kisha akasema, "Ya karafuu nilikuwa nayajua. Nilikuwa nangoja uyaseme wewe. Saini hutaipata leo. Kavunje kwanza."

Nikavunja. Chumba cha fungate ya mwanangu, nilianza mwenyewe kwa nyundo, mume wa binti yangu akamalizia. Matofali yote tukayateremsha kwake, na jiko lake limesimama kwa matofali hayo. Ndipo akatia saini. Mfuko ukaleta mawe na saruji, mfereji ukafunguliwa na kujengwa mpaka bondeni, na maji ya paa langu sasa yanaingia kwenye tangi.

Namshukuru yule binti wa mabuti aliyeninyima ukuta. Nawashukuru nyinyi mlioshika majembe. Na yeye, Mungu amlipe, maana mie karafuu zile sijaweza kuzirudisha. Msidhani tumekuwa kama zamani. Kwangu hajala chakula mpaka leo. Lakini masika haya, mvua ya kwanza, nilitoka mlangoni, naye katoka kwake. Akapaza sauti, "Yamepita?" Nikamwambia, "Yamepita." Akaingia ndani. Nami nikabaki palepale nalowa, nafurahi.

Fomu ziko kwa katibu. Mtaanza na jina lenu, najua, kisha ukubwa wa kiwanja. Ile sehemu ya saini ya jirani iko chini kabisa, ukurasa wa mwisho. Nawaomba, anzeni na hapo.