Bomba Lililotazama Chini

Mchungaji, wafiwa wenzetu, majirani, na nyote mliokuja kumsindikiza mama yetu, kabla ya kufika kwenye tarehe ya kuzaliwa, anayesoma historia hii anaomba asikilizwe jambo moja, kwamba yeye, fundi bati, mdogo wa mume wa marehemu, ndiye aliyefunga jiko la kuni na bomba la moshi katika nyumba ile, alilifunga vibaya, alijua kuwa analifunga vibaya, na alinyamaza kwa sababu alitaka kumfurahisha kaka yake. Ameungama mbele za Mungu, ameungama mbele ya kaka yake, na sasa anaungama mbele yenu, si ili aonewe huruma, ila kwa kuwa historia hii haisomeki bila jambo hilo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkewe, katika chumba kilichokuwa nyuma ya kibanda cha viatu, ambako harufu ya gundi ilikuwa kama mtu mmoja zaidi wa familia, akaanza darasa la kwanza mwaka 1968, akawa hodari wa hesabu na mkorofi wa kwaya, maana aliimba sauti ya kwanza hata pale mwalimu alipompanga ya tatu, na alipomaliza darasa la saba hakuendelea, kwa kuwa macho ya baba yake yalikuwa yamefifia na ilibidi mtu mwingine ashike sindano.

Mwaka 1982 aliajiriwa kuwa mpishi wa shule ya bweni, akapika hapo mpaka alipostaafu Desemba 2019, na ninyi mliosoma shule ile mnalikumbuka jiko lake, banda la mabati lenye kidirisha kimoja, moshi umetanda mpaka sufuria unaipata kwa kupapasa, na mnamkumbuka yeye akitoka nje na upindo wa gauni machoni, akikohoa, akizitukana kuni mbichi, kisha akirudi ndani kwa sababu watoto wana njaa. Familia inasema hili bila kumung'unya maneno, kila mwaka lango la shule lilipakwa rangi mpya, na kila mwaka mpishi aliahidiwa dohani ya kutolea moshi, na alistaafu akaliacha lango linang'aa na banda likiwa vilevile.

Tarehe 14 Agosti 1984 alifunga ndoa na kaka yetu, seremala, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu wanne, na pamoja na hao alimlea anayesoma hapa, aliyekuwa bado mdogo, akamfulia sare, akamfundisha kusali kabla ya kula, na akamzoeza kusema ukweli kwa njia yake mwenyewe, yaani kumtazama tu bila neno mpaka ukweli utoke wenyewe.

Alipostaafu alianza kuoka mikate ya kuuza, majirani wakamwita Mama Mikate, naye akaomba kitu kimoja, jiko la chuma lenye bomba, liwe ndani ya nyumba, lioke mikate na lipashe chumba joto, na maneno yake watoto wake wanayakumbuka: "Nimelia machozi ya moshi ujana wangu wote, nataka nizeeke na macho makavu."

Jiko likanunuliwa Julai 2020. Fundi alimweleza kaka yake kwamba bomba linatakiwa lipande wima, litoboe dari na paa, lipite kilele cha nyumba ndipo upepo uubebe moshi, na pale linapopita kwenye mbao livalishwe bomba jingine pana zaidi, kuwe na nafasi katikati, mbao isiungue. Lakini paa lilikuwa jipya, kaka analipenda kama mtoto wa mwisho, akasema, "Ukitoboa bati langu, mvua ikivuja utakuja kulala chini yake wewe na mkeo." Tukacheka. Fundi akacheka pia, akalitoa bomba kwa kona kupitia ukutani, likaishia chini ya upenu, na kwa muda lilivuta, ingawa siku za upepo lilirudisha moshi ndani, na shemeji alifungua dirisha akaendelea kukanda unga.

Mwaka jana, 2022, wakati wa maandalizi ya harusi ya binti mdogo, nyumba ikapakwa rangi nyeupe, haikupita wiki masizi yakaushika ukuta, jirani mmoja akatania kwamba nyumba yetu imeota ndevu, na kwa utani huo heshima ya familia nzima ikaingia mashakani. Kikao kikakaa, juu ya ukuta. Fundi akaombwa abuni kitu, naye akabuni, akaongeza kona ya pili, mdomo wa bomba ukatazama chini, chini yake akatega debe la maji lipokee masizi, na ukuta ukabaki mweupe pe. Watu wakaja kuangalia, wakasifu, wakaagiza. Moshi hupanda, hata mtoto anajua, na sisi watu wazima tuliuamuru ushuke, kwa ajili ya rangi.

Tangu hapo kichwa kikaanza kumuuma. Alimwambia mumewe, akaambiwa ni umri, akawaambia wanawe, wakamwambia apunguze kazi, kwenye zahanati akapewa vidonge vya maumivu, na wapo ndugu wa kanisani waliomwekea mikono na kukemea pepo, anayesoma akiwa miongoni mwao, akikemea kwa sauti kubwa kuliko wote. Lakini shemeji alisema mwenyewe, zaidi ya mara moja, mbele ya watu wenye masikio: "Nikiwa ndani kinauma, nikitoka nje kinapona." Nani alitaka maelezo zaidi ya hayo? Mwanamke aliyeishi na moto maisha yake yote alitueleza ugonjwa na dawa yake kwa sentensi moja, na sisi tukamwekea mto vizuri alale.

Alfajiri ya tarehe 17 Juni mwaka huu, 2023, kulikuwa na mvua na baridi kali, mume alikuwa safarini kikazi, marehemu akafunga dirisha, akawasha jiko ili aoke, na asubuhi mteja wa mikate akamkuta kwenye kiti chake, mikono ina unga, macho yake makavu. Unga ulikuwa umeumuka mpaka ukamwagika nje ya beseni.

Jana jioni wazee wa familia walitaka hapa paandikwe kwamba aliugua kwa muda mfupi, mmoja akasema ni mpango wa Mungu, tusichimbe. Anayesoma anamwogopa Mungu, na kwa sababu anamwogopa hawezi kumsingizia, Mungu hakulikunja bomba lile, lilikunjwa kwenye karakana yake, kwa nyundo yake. Kaka yetu akanyanyua kichwa, akasema: "Andika ni moshi. Andika na mimi nilikataa kutoboa bati." Basi imeandikwa.

Familia inamshukuru daktari aliyempokea marehemu akiwa ameshakata roho, ambaye ndiye mtu wa kwanza kuuliza jiko la nyumbani likoje, akatueleza kwamba moto uliokosa njia ya kutolea moshi hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inawashukuru majirani waliolala nasi hapa, walimu na wapishi wa shule aliyoitumikia, na wateja wake wa mikate. Shemeji, mama uliyenilea, pumzika, na amani uliyoikosa jikoni Bwana akupe kwake.

Limebaki ombi. Kona ile ya kutazama chini ipo katika nyumba nyingine tano, anayesoma alizifunga mwenyewe, wenye nyumba hizo mmekaa hapa, na usiku wa leo utakuwa na baridi. Kuanzia kesho atakuja na ngazi, atatoboa mapaa yenu na kupandisha mabomba mpaka juu, na kuta zikichafuka zichafuke. Kwa leo, tafadhalini, msiwashe.