Zawadi Iliyofungwa kwa Kitambaa

Mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu, wazazi wetu na waalikwa wote,

UKARIBISHO
Karibu, mheshimiwa. Tunakukaribisha kwa moyo mmoja, ingawa moyo wenyewe umejaa hasira, na hatutaificha nyuma ya mapambo haya.

HISTORIA
Tulikuja chuoni kujifunza useremala, ushonaji na umeme. Alama zetu zote ziliwekwa kwenye diski ya kompyuta moja ya ofisini. Nakala ya akiba ilikuwepo, humo humo ndani ya diski ile ile.

MAFANIKIO
Mwezi uliopita diski ilianza kugonga kama mtu anayebisha hodi. Fundi wa kompyuta aliitwa, akaisikiliza, akasema: “Zimeni, msiiwashe tena. Kila mkiiwasha inajikwaruza ndani, na kilichokwaruzwa hakirudi.” Akatuelekeza kwa wataalamu wanaofungua diski kama hizo kwenye chumba kisicho na vumbi na kuokoa kilichomo. Mafanikio yetu ni hayo: tulipata ushauri mzuri.

CHANGAMOTO
Mkuu wa chuo aliagiza iwashwe. Ratiba ya ugeni wako ilikuwa humo, na eti ni aibu mgeni kukosa ratiba. Ikawashwa asubuhi, ikawashwa jioni, mpaka ratiba ikapatikana. Ndiyo hiyo uliyoishika. Alama zetu hazikupatikana.

Tulipouliza, tuliambiwa subira huvuta heri. Yetu imevuta bahasha. Hizo zilizopangwa mezani, ambazo utatugawia huku tukipigwa picha, hazina vyeti ndani, maana bila alama hakuna cheti. Mwenzetu tunayemwita Mama Pacha, fundi cherehani, ameahidiwa kazi akipeleka cheti kabla ya mwezi kwisha. Mama yake mzazi yuko mstari wa mbele, anapiga makofi tangu asubuhi. Alikuwa hajui. Sasa anajua.

MAOMBI
Tunaomba diski ipelekwe kwa wataalamu leo hii. Alama zisipopatikana, tupimwe upya: mbao zipo, vitambaa vipo, mikono yetu ipo.

Mheshimiwa, risala haiishi bila zawadi. Ofisi ilikuandalia saa ya ukutani, sisi tumeibadilisha. Kilichofungwa kwa kitambaa hiki, alichokipinda Mama Pacha kwa mkono wake, ni diski yenyewe. Tuliichomoa jana, kabla haijawashwa tena. Ipokee kwa mikono miwili, na isirudi ofisini.

Mungu akufikishe salama uendako, nawe uifikishe salama.

Ni sisi,
Wahitimu wa chuo cha ufundi, tusio na vyeti.