Mwalimu Sukari na Neno Alilotaka Kulirudisha

Mtu tunayemsindikiza leo, ambaye mji mzima ulimwita Mwalimu Sukari, alizaliwa asubuhi ya tarehe 14 Machi 1946 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha kuchambua pamba. Alikuwa mtoto wa tatu, na wa kiume peke yake, wa mlinzi wa ghala na mama aliyeuza kahawa langoni mwa kiwanda hicho. Dada zake walisimulia kwamba alichelewa sana kusema, mpaka nyumba nzima ikaingiwa na hofu. Siku moja akafumbua mdomo akaomba sukari, na tangu siku hiyo hakunyamaza tena. Mama yake alikuwa akisema kwamba angejua, asingekuwa na haraka ya kumwombea aseme.

Aliingia darasa la kwanza Januari 1954, katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli. Hesabu alizipenda, lakini Kiingereza kilimtia baridi hata kabla hakijafundishwa. Siku ya kwanza ya somo hilo mwalimu aliandika ubaoni neno "sugar", akalisoma kwa sauti, akauliza kama kuna anayelijua. Mtoto wa muuza kahawa akajikuta kidole kiko juu. Alipoulizwa amelijulia wapi, alijibu, "Kwenye chai ya mama."

Darasa lilivunjika mbavu. Mwalimu hakucheka. Alimbakiza kipindi kilipokwisha, akamweleza kwamba sukari na "sugar" ni ndugu kweli, wote wawili wametoka katika nyumba ya Kiarabu. Mmoja alikuja kwetu, mwingine akapita nchi nyingi mpaka Uingereza akavaa koti. Kahawa na "coffee" ni hivyo hivyo, na sifuri na "zero" pia. Mtoto alikimbia moja kwa moja hadi langoni mwa kiwanda kumweleza mama yake kwamba miaka yote hiyo alikuwa anauza Kiingereza bila kujua. Mama akampa birika abebe, akamwambia ashike vizuri, Kiingereza hicho kina moto.

Alimaliza sekondari mwaka 1965, akahitimu chuo cha ualimu Novemba 1967, na Januari iliyofuata akaanza kufundisha Kiingereza katika sekondari ya mji, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2001.

Mkewe alimpata kwa sababu ya suruali. Mwaka 1970 aliipeleka kupunguzwa kwa fundi cherehani, binti aliyekuwa na kibanda chake mkabala na soko. Mezani palikuwa na gazeti la mitindo, na Mwalimu, ambaye hakuweza kuona neno akalipita bila kulisalimia, akaanza kumweleza yule binti kwamba gazeti la namna hiyo kwa Kiingereza huitwa "magazine", nalo ni ndugu wa hazina, kwa kuwa zamani lilikuwa na maana ya ghala. Alieleza, akaeleza, suruali ikiwa mkononi. Fundi alimsikiliza akiwa amebana pini mdomoni. Alipomaliza, fundi akatoa pini moja baada ya nyingine, akauliza, "Na wewe ni ndugu wa nani?"

Walifunga ndoa tarehe 7 Agosti 1971, wakajaliwa watoto watatu. Suruali ile, mama yetu anasema, ilipunguzwa upande mmoja ukazidi mwingine, na Mwalimu aliivaa hivyo hivyo harusi ilipokaribia ili asimwudhi fundi.

Kazi ambayo wengi mliofika hapa mnamkumbukia nayo ni darasa la jioni la watu wazima. Alilifungua Juni 1974 katika chumba cha nyuma cha posta ya zamani, chumba chenye dirisha moja lisilofungika na madawati ya watoto, ambayo mtu mzima akikaa magoti yanamfika kidevuni. Waliokuja walikuwa wapishi, madereva, wauguzi wasaidizi, mafundi bomba, watu wasioogopa umeme wala mbwa, lakini wakiona Kiingereza ubaoni wanatafuta mlango. Wiki ya kwanza wengi walikuwa wanatoweka.

Ndipo Mwalimu akaanzisha desturi yake. Siku ya kwanza hakuna kitabu. Kila mtu aje na kitu cha nyumbani kwake, akiweke mezani. Mmoja alileta sukari kwenye karatasi, mwingine kopo la kahawa, mwingine zafarani kidogo aliyoiazima kwa jirani. Mwalimu alikuwa anasimama mbele ya meza hiyo kama mshenga anayetambulisha ukoo. Zafarani, huyu ni "saffron". Taarifa, jamaa yake kule ni "tariff", mnamwona akipanga bei na ushuru. Amiri, nduguye ni "admiral", yeye alikwenda baharini. Akifika kwenye safari kifua kilimtuna, kwa sababu neno hilo Waingereza walilipokea kutoka mikononi mwetu, baada ya sisi kulipata kwa Waarabu. "Hapa sisi ndio wajomba," alikuwa akisema, na darasa zima lilikaa wima.

Bintiye wa kwanza ndiye aliyekuwa akipeleka chupa ya chai darasani. Yeye shule aliiacha mapema ili amsaidie mama kwenye cherehani, na alikaa karibu na mlango kuliko dawati lolote, akiwaangalia watu wazima nyuso zao. Aliona jinsi mtu anavyoingia amekunja uso, na jinsi uso unavyofunguka akiambiwa kwamba kitu alichokileta kina jamaa ng'ambo.

Alikuwepo pia jioni ile ya Machi 1988 alipoingia kijana mrefu, mchimbaji wa misingi ya nyumba, ametoka kazini moja kwa moja na viatu vimejaa udongo. Hakuleta kitu. Wenzake wakaweka vyao mezani, yeye akasimama nyuma ameficha mikono, na binti aliyeshika chupa ya chai akaona kwamba miguu ya mtu huyu ilikwisha kugeukia mlangoni. Mwalimu naye aliona. Alitazama mezani, akatazama ukutani, akatazama viatu vya kijana.

"Wewe umeleta kikubwa kuliko wote," akamwambia. "Umetuletea ardhi. Ardhi na 'earth' ni ndugu."

Kijana akatazama viatu vyake kama amepewa siku hiyo. Akakaa. Hakukosa jioni hata moja mpaka alipomaliza, na leo ni msimamizi wa ujenzi mwenye watu chini yake. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akiwaambia mafundi wake wapya kwamba yeye Kiingereza alikianzia miguuni. Tangu jioni ile Mwalimu naye alifundisha kila darasa jipya kwamba ardhi na "earth" ni ndugu.

Darasa lilifungwa mwaka 2009. Wanafunzi wa zamani walichanga wakamnunulia kamusi kubwa, ya zile zinazoeleza kila neno limetoka wapi. Alilia siku hiyo. Maandishi ya kamusi hiyo yalikuwa madogo kama sisimizi, na macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, kwa hiyo kwa miaka mingi kamusi ile aliipangusa vumbi tu na kuwaonyesha wageni. Wageni waliombwa wanawe mikono kwanza.

Mwaka 2021 alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Bandeji ilipotoka alimtazama mke wake kwa muda mrefu akamwambia hajabadilika, akaambiwa aache uongo, kisha akaomba kamusi yake. Alisoma siku nyingi kwa furaha ya mtu anayetembelewa na ukoo mzima. Sukari yupo, kahawa yupo, sifuri yupo. Halafu akafika kwenye "earth", akasoma, akavua miwani akaifuta, akasoma tena. Kamusi ilisema neno hilo lina ukoo wake mwingine kabisa huko Ulaya ya kaskazini. Halijakutana na ardhi popote. Kufanana kwao ni kwa bahati tu.

Chakula cha mchana hakukigusa. Mama yetu alidhani amesoma habari za msiba.

Tangu hapo Mwalimu akawa na shughuli. Alitaka neno lile alirudishe kutoka kwa kila mtu aliyempa, na kukiri kwamba alikosea. Aliwatafuta wanafunzi wake mmoja mmoja, wengine kwa simu, wengine akiwafuata sokoni na kazini. Muuguzi mmoja alimshukuru akamwuliza kama anakunywa dawa zake. Fundi bomba alimwuliza kama na Kiingereza kingine nacho akirudishe, maana ameshakitumia sana. Mama alimwambia mumewe kwamba hakuna mtu aliyewahi kufa kwa sababu ya neno hilo, akae apumzike. Hakusikia. Alitoka na fimbo yake, na bintiye yule wa kwanza, ambaye huogopa magari hata yakiwa yameegeshwa, akawa anafuatana naye kila alikokwenda.

Alibaki mmoja tu, yule mchimbaji. Kwake Mwalimu alikwenda mara nyingi kuliko kwa wote. Alikaribishwa sebuleni kwenye sofa, akanywa chai isiyo na sukari, wakazungumza habari za saruji, mpira na maumivu ya magoti. Bintiye alikuwa anangoja neno litoke. Aliona baba anavuta pumzi ya kulianza, na mwenyeji wake anauliza upesi kama chai imepoa. Wakati wa kurudi Mwalimu alikuwa akisema hakupata nafasi, na walikuwa wamekaa pale tangu alasiri hadi jua linazama. Bintiye hakumsuta. Alijua kwamba yule mtu alikaa darasani kwa ajili ya neno lile, na baba yake alikuwa anaogopa kumwondolea kiti.

Kisukari alikuwa nacho kwa miaka mingi, na kuhusu hilo hakuacha kutania: alisema amewatangaza ndugu hawa maisha yake yote na mmoja wao ndiye anayemwandama. Oktoba 2023 figo zilianza kushindwa. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena. Januari alimwita bintiye karibu na kitanda, akamwambia kwamba ikiwa ataondoka kabla hajasema, yeye akaseme kwa niaba yake, na aseme kabla udongo haujamfunika.

Binti alimwuliza kwa nini asimwache mwenzake na furaha yake. Alikuwa na hofu ya kumuumiza mtu mzima wa watu, tena kwenye msiba.

"Aliniamini, mwanangu," Mwalimu akasema. "Simwachii kitu kibovu."

Aliaga dunia mchana wa tarehe 9 Februari 2024, mkewe akiwa amemshika mkono. Muda mfupi kabla ya hapo aliomba maji. Muuguzi alipomletea, alimshukuru, akamwarifu kwamba neno maji hatukulipata kwa mtu yeyote, ni letu wenyewe. Akanywa kidogo, akaonekana ameridhika.

Jana asubuhi bintiye alikuja hapa makaburini na chupa ya chai. Alimkuta yule msimamizi wa ujenzi ndani ya shimo, amevua koti, anachimba mwenyewe, na vijana wake wamesimamishwa pembeni waangalie kuta zilivyo wima. Binti alimimina chai, akamwomba apande juu kidogo. Akamwambia yote kama alivyotumwa: kwamba baba yake alikosea, kwamba ardhi na "earth" si ndugu, na kwamba alikufa akitaka kumwambia.

Yule mtu alikunywa chai yake kwanza.

"Dada, hilo nalijua siku nyingi," akasema. "Binti yangu aliyeko chuo aliniambia. Kila Mwalimu alipokuja kwangu, mimi nilikuwa naomba asiligundue, akavunjika moyo."

Kumbe wote wawili walikuwa wakikaa kwenye sofa lile, kila mmoja anamfichia mwenzake jambo lile lile, na chai inapoa katikati. Binti alianza kucheka, akashindwa kujizuia, akakaa kwenye rundo la udongo akicheka na kulia kwa pamoja, na vijana wakageukia kando kwa heshima. Msimamizi alimrudishia kikombe, akashuka tena shimoni.

"Na mimi na Mwalimu si ndugu," akasema, akiokota sepetu. "Haya, nani anachimba?"

Mwalimu Sukari ameacha mjane, fundi wake wa suruali. Mabinti wawili na mwana mmoja. Wajukuu saba na kitukuu mmoja ambaye bado hajaanza kusema, wala hatuna haraka naye. Dada yake mkubwa. Na wanafunzi ambao yeye mwenyewe aliwajua wote kwa sura na kwa kitu ambacho kila mmoja alikileta mezani.

Pumzika sasa, Mwalimu wetu, kwa amani yako yote. Ujumbe wako umefika, na mwenyewe aliyeupokea ndiye aliyekutandikia hapa.