Vitabu vya Maktaba Kabla ya Saa Sita

Penye kona, kati ya duka la kinyozi na ukuta wa karakana, pana benchi ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Pembeni yake ipo meza ya vitabu vikuukuu, na mwenye meza wanamwita Maktaba. Kwa miaka kumi na moja amewamiminia wenzake kahawa na kuwasikia wakisifu vitabu mpaka povu linawatoka. Leo amenyoosha mikono. Dada anayekaanga karanga atakuja kabla ya saa sita kuvibeba vyote, akavichane, karatasi zake azifungie karanga. Maktaba alikuwa na ombi moja tu: kila mtu wa benchi achukue hata kimoja, kipone.

— Chukueni basi, alisema. Bure.

— Mimi ni mtu wa mapenzi, unanijua, alijibu Wembe, yule kinyozi. Lakini kitabu cha mapenzi nasoma kurasa tatu za mwanzo. Wakishapendana, nafunga. Nikiendelea watagombana, na ugomvi ninao wa kutosha nyumbani.

— Basi chukua, usome hizo tatu.

— Nimeshazisoma hapahapa mezani kwako.

Sindano, fundi cherehani, alicheka hadi kahawa ikampalia.

— Huyo hajui kusoma. Soma vya upelelezi, tena uanzie mwisho. Unamjua muuaji kwanza, kisha unarudi nyuma kumtazama anavyojifanya mwema. Mimi hata shemeji yangu simwamini tena.

— Kwani shemeji yako kaua nani? aliuliza Wembe.

— Bado. Ndiyo maana namtazama.

Maktaba akamsogezea kimoja chenye picha ya kisu. Sindano akakirudisha kwa ncha ya kidole.

— Nitakiweka wapi, kaka? Chumba chenyewe kimoja, na cherehani ndiyo inayolala kitandani.

Aliyebaki ni Mzee Breki, dereva mstaafu.

— Nyinyi watoto mnacheza. Mimi nilisoma kitabu cha magonjwa. Ukurasa wa kumi nikaumwa ini. Wa ishirini, figo. Wa thelathini nikawa mjamzito.

— Ukajifungua salama, mzee? aliuliza Sindano.

— Nilikifunga kitabu, ikapita. Siku hizi nakilalia tu, kipo chini ya mto. Maneno yanapanda kichwani yenyewe, kama joto.

— Basi ongeza kingine, mzee wangu, Maktaba alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

— Shingo, mwanangu. Mto ukizidi kupanda, shingo inakataa.

Maktaba akamimina kahawa iliyobaki. Mara akatokea dada wa karanga, mtoto mgongoni, gunia mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Alivitazama vitabu, akawatazama na wao. Alikuwa mtu mpole, na kazi ile ilionekana kumtia haya.

— Nasikia hapa ndipo vinapopendwa vitabu kuliko mtaa mzima. Hebu niambieni, kipi ni kizuri, nisikichane?

Wembe akachungulia ndani ya kikombe. Sindano akaanza kung'oa uzi kwenye mkono wa shati lake. Mzee Breki akakohoa, kisha akakohoa tena.

— Basi wewe, baba, mwenye meza. Kizuri ni kipi?

Maktaba akafungua mdomo. Alikijua chenye mgongo mwekundu, alikijua kilicholiwa pembe na panya, alijua kipi hushika vumbi upesi. Kila asubuhi alivipangusa kimoja kimoja. Ila kuvifungua hakuthubutu, miaka yote kumi na moja, asije akavichafua kwa vidole kabla mwenye kuvisoma hajaja. Macho yake yakapita juu ya majalada, yakarudi, yakapita tena.

Dada wa karanga alisubiri kwa heshima, akambembeleza mtoto mgongoni, akasubiri tena. Kisha akapanua mdomo wa gunia, akaanza na cha juu.