Taprandich Mibei, Dalali Aliyechagua Kisu

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kelele za jikoni kidogo, msogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyeuza ng'ombe. Si maziwa, si kuku. Ng'ombe.

Jina lake Taprandich Mibei. Wengi wenu mlimwita Mama Bethuel, dalali wa soko la mifugo la Kapsimbiri, hapa hapa Bomet. Tulimzika Jumamosi, akiwa na miaka hamsini na tisa. Alikufa kwa saratani ya umio, ile njia inayopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Lakini nisikieni vizuri. Saratani hiyo ilichelewa miaka minne na nusu, na aliyeichelewesha ni yeye mwenyewe. Kwa hiyo mtu asinipigie simu hapa studio kusema marehemu alishindwa. Nitaikata.

Mumewe ndiye aliyekuwa dalali kwanza. Alipofariki, Taprandich alichukua fimbo yake, akaingia zizini Alhamisi iliyofuata. Wanaume wakacheka. Wakamwambia wanawake wanauza mboga upande ule. Alimshika fahali wa kwanza kwa pembe, akatangaza kwa sauti iliyofika mpaka barabara ya lami: huyu anapiga teke, na jicho la kushoto halioni vizuri. Baada ya hapo ndipo akamsifu.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, wasikilizaji wapendwa. Kilema kwanza. Wauzaji walimchukia mwaka mzima. Kisha wanunuzi wakaanza kuja kutoka Narok na Kisii wakimuulizia kwa jina, na wauzaji wakanyamaza.

Sasa tufike kwenye ugonjwa. Na hapa lazima tujilaumu sisi wenyewe, watu wa huku.

Chakula kilianza kukwama. Kwanza nyama. Halafu ugali. Taprandich hakumwambia mtu. Akahamia kwenye mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, kwa sababu yalikuwa yanateremka. Asubuhi mursik, jioni mursik. Na niambieni, nani kwetu atamuuliza mtu kwa nini anakunywa mursik? Tulimsifu. Tulisema huyu anakula kama mabibi zetu wa zamani, ndiyo maana amekuwa mwembamba na mwepesi.

Bethuel, mwanawe, ni mwalimu. Alitueleza hivi: "Nilikuwa najivunia. Kila Ijumaa nilimletea vibuyu viwili. Nilidhani ninamlisha mama, kumbe ninamsaidia kujificha."

Miezi mitano. Alijificha nyuma ya kibuyu miezi mitano, mbele ya macho yetu, na sisi tukipiga makofi.

Mwisho hata maji yalikataa. Ilikuwa sokoni, katikati ya mnada, mtamba mwekundu akiwa bado anazungushwa. Alikunywa maji funda moja, yakarudi yote mbele za watu. Arap Sambu, dalali mwenzake na mpinzani wake wa miaka mingi, alimpakia kwenye pikapu yake akampeleka hospitali ya misheni. Daktari Nyamweya akaingiza kamera kooni. Akauona uvimbe.

Picha zilipotoka, daktari alimketisha Taprandich pamoja na Bethuel. Akaanza kueleza njia ya kwanza ya matibabu, jinsi ilivyo nzuri na jinsi inavyosaidia wengi. Taprandich akainua mkono.

"Daktari, ngoja. Mimi ni dalali. Mtu akinianzia na uzuri wa ng'ombe, ninajua kuna kitu anakificha. Nipe kilema kwanza."

Daktari Nyamweya alituambia kwamba hakuwahi kuambiwa hivyo na mgonjwa. Kisha akageuza karatasi, akaanza upya.

Kulikuwa na paipu, kama watu wetu wanavyoiita. Ni kibomba cha waya kinachowekwa ndani ya umio ili chakula kipite. Kilema chake: haigusi ugonjwa hata kidogo. Uzuri wake: unaingia hospitali asubuhi, na jioni unameza uji.

Njia ya pili ilikuwa dawa za saratani za mshipani pamoja na mionzi, Nairobi, wiki tano, bila kisu. Kilema: unatapika, unachoka, koo linaungua, na kwa wengi ugonjwa hurudi palepale. Uzuri: sauti inabaki, kifua hakipasuliwi, na wapo wanaopona.

Na ya tatu ilikuwa hiyo ya pili, kisha kisu juu yake. Umio unakatwa, tumbo linavutwa juu kifuani kuchukua nafasi yake. Daktari hakuficha. Alisema wapo wasioamka. Alisema mshipa wa sauti uko karibu sana na kisu. Alisema hatakula tena sahani kubwa, wala kulala chali, maisha yake yote. Uzuri wake ulikuwa mmoja. Kwa kuwa ugonjwa haukuwa umefika mbali, hiyo ndiyo iliyompa nafasi kubwa zaidi ya kupona. Si hakika. Nafasi.

Nyumbani watu walijaa, na wote walikuwa wameshaamua. Paipu. Kila mmoja alikuwa na jirani aliyepelekwa kwenye kisu akarudishwa na jeneza. Bethuel mwenyewe alitaka paipu. Arap Sambu ndiye aliyechokoza.

"Mama Bethuel, wakishakukata hiyo sauti utauza ng'ombe na nini? Na mkia?"

"Nitaanza kukuuza wewe," akamjibu. "Hauna pembe, lakini unakula vizuri."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliwatazama mmoja mmoja, akasema: "Nyinyi mnataka nimeze vizuri nikielekea kaburini. Sijafika huko. Niacheni niangalie mnyama mwenyewe."

Na akaenda kumwangalia. Alimwomba daktari amtafutie mtu aliyepasuliwa na bado yuko hai. Akapatikana mmoja Sotik, fundi seremala, mwaka wa tatu tangu kisu. Alikubali mgeni. Taprandich alisafiri akiwa dhaifu hivyo, akishikiliwa na Bethuel. Alimkagua yule mtu jinsi alivyokagua ng'ombe. Alimwambia atembee. Alimwambia apande kilima kidogo nyuma ya nyumba, akasikiliza pumzi zake. Aliomba amwone akila. Yule fundi alikula nusu ya ugali, akapumzika, akala nusu nyingine. Alionyesha mito minne anayolalia. Mkewe akasema wakati mwingine huamka akikohoa. Taprandich aliuliza yote, hata ya chooni. Bethuel alitoka nje kwa aibu.

Njiani kurudi alisema neno moja tu kuhusu jambo hilo. "Anakula. Polepole, lakini anakula."

Alichagua kisu. Familia ilinuna. Wazee wawili wa ukoo walikuja kumkanya, wakaondoka bila kumaliza chai. Alikwenda Nairobi wiki tano, akarudi na ngozi juu ya mifupa. Alipopata nguvu kidogo akalala kwenye meza ya upasuaji ya Daktari Nyamweya. Alikuwa pale mezani kwa muda wa saa saba. Akaamka.

Sauti haikuamka naye. Mshipa uliguswa, kama alivyoambiwa. Kilichobaki kilikuwa mkwaruzo, kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria.

Alhamisi moja, miezi minne baadaye, aliingia zizini na fimbo. Mtu akamletea kipaza sauti. Akakirudisha. Akamshika ng'ombe wa kwanza, akaanza kutaja kilema chake kwa ule mkwaruzo. Hakuna aliyesikia. Akarudia. Wanunuzi wa mbele wakawanyamazisha wa nyuma, wa nyuma wakawanyamazisha wa getini. Nilikuwepo, wasikilizaji wapendwa. Wanaume mia mbili walifunga midomo yao ili mwanamke mmoja asikike. Ilikuwa hivyo kila Alhamisi kwa miaka minne. Narudia, miaka minne.

Mwaka huu ugonjwa ulirudi, pale paliposhonwa na kwenye ini. Daktari alitandaza karatasi tena, vilema kwanza. Dawa nyingine zingeweza kumpa wiki chache, nyingi zikiwa za kutapika. Safari hii Taprandich alisema paipu, bila kufikiri sana. Arap Sambu akamwambia, "Si hii ndiyo uliyoikataa mbele yetu sote?"

"Niliikataa nikiwa na nafasi ya kupona," akasema. "Sasa kazi yangu ni kumeza. Usinifundishe kuchagua, Sambu."

Alimeza wiki tisa. Alifia nyumbani, mchana, Bethuel akiwa kando yake.

Kwa Bethuel, kwa wajukuu wa marehemu, kwa ukoo wote wa Mibei na kwa madalali wa Kapsimbiri, kituo hiki kinasema poleni. Mlikuwa na mtu. Mtembee vichwa juu.

Na sisi tuliobaki tujiulize. Ni wangapi leo wamehamia kwenye maziwa na uji, nasi tunawasifu? Chakula kikikwama, usingoje wiki mbili. Nenda. Na ukifika mbele ya daktari, uliza mpaka achoke.

Nawaambia haya kwa sababu ya jambo lililotokea Jumamosi kaburini. Arap Sambu aliitwa kutoa neno la madalali. Alisimama, akavua kofia, akasema tangu mwezi uliopita ugali unamkwama hapa, akajigusa kifuani. Bethuel alimshika mkono, wakaondoka kwenda hospitali kabla ya watu kutawanyika, Bethuel akiwa bado na suti ya mazishi ya mama yake.

Leo ni Jumanne. Arap Sambu yuko wodini. Ameshaelezwa njia zake zote, na nasikia nyumbani kwake watu wameanza kujaa. Naomba neno moja kwenu nyote mnaoelekea huko.

Msimchagulie.