Gitaa la Mzee Latafuta Kasha

Hakuna benchi lenye akili nyingi kama lile lililo nje ya kinyozi. Ubao wake umekaliwa mpaka umelainika kama sabuni, na mawazo yaliyotolewa pale ukiyapakia kwenye lori, litapasua matairi yote na spea juu. Kahawa anamimina Mama Birika, kahawa nzito, ukisimamisha kijiko kinasimama kama askari. Kinyozi mwenyewe wanamwita Kapteni, ingawa maji makubwa aliyowahi kuyaona karibu ni ya kuloweka taulo. Siku hiyo alimwacha mteja wa mwisho na ndevu upande mmoja, akamwambia arudi kesho, kisha akatoka na kitu kimeviringishwa kwenye shuka, akakilaza mapajani kama mtoto mchanga.

Lilikuwa gitaa la marehemu baba yake. Usifikirie yale magitaa ya kukumbatia. Hili halina tumbo wala tundu la kifuani. Ni ubao mnene wenye nyuzi sita, unaulaza mapajani, mkono mmoja unadonoa nyuzi, mwingine unatelezesha kipande cha chuma juu yake, nalo linalia kama mtu aliyekumbuka kwao. Mpwa wake Kapteni, binti wa dada yake, aliliweza mpaka mbwa wa mtaa walikuwa wanakaa chini kusikiliza. Sasa bendi moja ya mbali ilikuwa imemwita, na asubuhi alikuwa anapanda basi. Ila dada mtu alisema neno moja tu: bila kasha gumu, gitaa la baba haliingii kwenye buti ya basi lolote. Naye Kapteni, mbele ya ukoo mzima, alijipiga kifua kwamba kasha si kazi, litafika kabla binti hajamaliza kufunga kilemba.

Jua lilikuwa linashuka na kasha hakuna. Muuza vyombo vya muziki alikuwa amebakiwa na makasha mawili ya magitaa ya namna hiyo, jembamba na pana, na mteja mwingine alikuwa anakuja jioni ile kuchukua mojawapo. Kwenye simu alimtaka Kapteni ataje mwaka gitaa lilipotengenezwa, maana ya zamani yalikuwa membamba na mafupi, ya baadaye yakanenepa na kurefuka. Kapteni mwaka hakuujua. Marehemu alizoea kusema alilinunua mwaka wa mvua kubwa, na kwa marehemu haukuwahi kuwepo mwaka wa mvua ndogo.

Basi benchi likaingia kazini.

Wa kwanza alikuwa Gia, dereva wa lori mstaafu. Aliligonga kwa kidole kama anayekagua tairi, akatangaza kwamba ni la zamani kuliko lami. Akaapa kuwa aliwahi kubeba magitaa mia nne kama hilo, na kila lori lilipoingia shimoni yalilia yenyewe, watu wakatoka majumbani kucheza barabarani. Mama Birika akamuuliza kama walimtunza. Gia akanywa kahawa.

Muuza viatu vya mitumba, wanayemwita Daktari kwa kuwa hakuna ugonjwa asioujua wala aliowahi kuutibu, yeye alilinusa kwanza, halafu akalilamba.

— Hili ni la kabla ya umeme, akasema.

— Daktari, hapa ubavuni si pana tundu la kuchomeka waya? Kapteni akamwonyesha.

— Ndiyo. Walitoboa wakawa wanausubiri uje. Subira yavuta heri.

Gia hakukubali kupitwa. Akasema nyuzi zimesimama juu mno, hiyo ni dalili ya mgongo kupinda kwa uzee. Kapteni akamweleza kwamba ndivyo zinavyotakiwa, hazikandamizwi na vidole, chuma kinapita juu kwa juu. Gia akatikisa kichwa kwa huruma, akasema kila mzee aliyepinda hujitetea hivyohivyo.

— Na tena wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa hili lako linataka kupanda basi. Hebu jiulize mwenyewe.

Kapteni alimwahidi kwamba wiki ijayo atamnyoa sharubu moja tu. Lakini moyoni hakuwa na utani. Muda si mrefu mpwa wake alikuwa amempigia, sauti ya mtu ambaye begi lake liko tayari mlangoni.

— Mjomba, limepatikana?

— Limeshapatikana, mwanangu. Linapigwa polishi.

Akakata simu, akamsogezea Gia kikombe chake cha kahawa.

Simu ikalia tena, muuzaji. Yule mteja mwingine yuko njiani, akasema, basi uacheni mwaka, nipeni urefu. Hapo benchi zima likainuka kupima kwa shibiri. Kiganja cha Gia, kilichozoea usukani mpana, kilitoa tatu na nusu. Cha Kapteni kikatoa nne. Mama Birika akaweka birika chini, akapata tano. Daktari alipiga chafya katikati, akapoteza mahali, akaendelea kutoka pale alipodhani.

— Ni shibiri nne, Kapteni akasema kwenye simu.

— Shibiri za nani?

Vita vikaanza upya. Gia akasema mkono wake ndio halali, serikali yenyewe iliuamini ikaupa leseni. Mama Birika akajibu kwamba mkono wake ndio unaowalisha wote pale, kwa hiyo wake ndio kipimo. Daktari akashauri wajumlishe vipimo vyote, wagawe, halafu wamuulize muuzaji naye ana mkono wa namna gani.

Mama mmoja mpita njia, furushi la nguo kichwani, alikuwa amesimama apate kikombe. Alisikiliza mpaka kahawa yake ikaisha, akarudisha kikombe taratibu.

— Samahani ndugu zangu, akasema. Kwani hilo duka liko mbali?

Duka lilikuwa ng'ambo ya barabara, nyuma kidogo ya kituo cha mafuta, na bango lake lenye picha ya ngoma lingeonekana palepale benchini kama Gia angesogeza kichwa.

Gia akasogeza kichwa.

Kapteni alikuwa keshavuka, gitaa kifuani, shuka linapepea nyuma kama bendera ya nchi iliyoshinda. Benchi zima likamfuata, Mama Birika na birika lake, wanahema kama wamekimbia kuvuka mpaka. Walipofika, gitaa lilikuwa limelala ndani ya kasha pana kama lililoshonewa, vitasa vimefungwa, na Kapteni amelikalia juu asije mtu akabadili mawazo. Yule mteja mwingine alikuwa amesimama mlangoni, anaangalia lile jembamba lililobaki.

Gia akaegemea ukuta mpaka pumzi ikarudi.

— Mkifika kwa dada, akasema, msisahau kusema ni nani aliyesogeza kichwa.