Kopi ya Tano

Kaeni, wanangu, na aliyekosa kiti aegemee ukuta, maana nikishaanza sitarudia, pumzi zenyewe nimezigawa kwa kipimo. Kifungua mimba, sogea upande huu wa sikio langu zima. Nawe kitinda mimba, acha kunipangapanga mito, nimelala sawa. Mama yenu mdogo abaki hapo hapo miguuni anaponikanda. Miezi minne hii hajakosa siku hata moja, na haya nitakayosema yanamhusu yeye kabla hayajawahusu nyinyi.

Ya mali hayana maneno mengi. Nyumba ni yenu wote wawili, ila isiuzwe wala isipangishwe maadamu mama yenu mdogo yu hai, na chumba cha mbele kinachopata jua la asubuhi ni chake. Cherehani apewe mkwe wangu, ingawa anajua vizuri kwamba hajui kushona. Sanduku la bati lililo chini ya kitanda hiki ni la kitinda mimba peke yake. Taipureta nitaisema mwisho, na msiiguse mpaka niiseme.

Mnajua nilikuwa mpiga taipu chuoni miaka thelathini na mmoja. Msichokijua ni kwamba ile shahada ya uzamili ya masuala ya kimataifa, hiyo hiyo anayoiota kitinda mimba, ilipita yote mezani kwangu. Haikuwa shahada ya idara moja. Mwanafunzi alisoma sheria chini, uchumi jengo la pili, historia na siasa huko juu kwenye ngazi za kuvunja magoti, kisha akavipika vyote katika tasnifu moja, na kila idara ilidai kopi yake. Basi nilipachika karatasi nne na kaboni katikati, nikagonga herufi kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi. Siku moja nikaongeza karatasi ya tano. Kopi ya tano hutoka hafifu, huisomi mpaka uiinamishe dirishani, lakini ile ilikuwa yangu. Sanduku lile limejaa kopi za tano. Nimesoma humo mikataba ya mipaka, vita vya bei ya pamba, habari za wakimbizi na za bahari isiyo na mwenyewe, na mara nyingi nilimsahihishia mtu hoja yake kimya kimya, naye akaenda kuvishwa joho. Mimi nilikuwa nje ya ukumbi nimeshika pini za kubania majoho ya watu.

Naliona jicho lako, mdogo wangu. Ngoja, nafika.

Sisi kwetu tulikuwa wawili. Baba alituweka mbele yake akasema mkubwa atafanya kazi, mdogo atasoma, na mkubwa nilikuwa mimi. Sikupinga. Usione vyaelea, vimeundwa, na aliyeviunda ni mimi: viatu vyake, madaftari yake, nauli yake. Watu waliniita dada mwema, nami nikalizoea jina hilo huku kijicho kinanila ndani kwa ndani. Nilikuwa napiga pasi gauni lake la shule na kuomba, Mungu anisamehe, litoboke.

Akamaliza shahada ya kwanza, akataka ile ya kimataifa. Akaja ofisini kwangu na insha yake ya maombi nimpigie taipu. Laiti ingekuwa mbovu! Mbovu ningeisahihisha kwa upendo wote. Ilikuwa nzuri, wanangu, nzuri kuliko zote nilizowahi kuzipiga, na katikati yake palikuwa na sentensi moja: mto haujui mpaka, lakini anayekaa juu yake anaujua sana. Sentensi ile ni yangu. Nilimwambia mimi, jikoni, nachambua mchele. Yeye aliiandika kama kaiota, na mimi nikaipiga herufi kwa herufi.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penyewe. Kwa kuwa ilikuwa shahada ya idara nyingi, kila mwombaji alitakiwa kudhaminiwa na walimu wawili wa idara mbili tofauti, kila mmoja kwa barua iliyofungwa. Ikikosekana moja, kamati haimjadili. Kanuni hiyo niliipiga taipu mimi mwenyewe. Mwalimu wa historia alipeleka yake. Mwalimu wa uchumi alinikabidhi bahasha mkononi, sahihi yake juu ya mkunjo, akaniambia, "Mpelekee mwenyekiti. Huyu mdogo wako atatupita sote."

Atatupita sote. Angesema nimpelekee tu, ningepeleka. Toka meza yangu hadi mlango wa mwenyekiti ni hatua kumi na tisa. Nilizitembea, nikaupita ule mlango, nikaenda msalani, bahasha nikaitia kwenye mkoba. Kamati ilikaa, ikakuta barua moja, ikasogea kwa jina linalofuata. Barua ya kumkatalia niliipiga mimi. Sikukosea hata herufi moja.

Mdogo wangu, mkono umesimama. Uache usimame, ni haki yake. Wewe uliamini yule mwalimu alikudharau. Ukawa ukimwona unavuka barabara, ukaapa hutaomba tena chuo chochote, ukaenda kufundisha watoto wa shule ya msingi kuchora mipaka ya nchi ambazo ungezikalia vikao. Mzee wa watu mpaka anastaafu ananiuliza, nimemkosea nini mdogo wako? Nami namjibu ana haraka tu, mwalimu. Amekufa bila kujua. Maji yakimwagika hayazoleki, sikuombi uyazoe. Nakuambia tu kwamba hukudharauliwa. Ulionewa wivu, na aliyekuonea ni huyu unayemkanda.

Msidhani kijicho kimeniisha kwa kuugua. Juzi kitinda mimba alipokuja kunieleza hiyo shahada yake, sheria na uchumi na sijui nini, mikono inapaa, macho yanang'aa, nilitamani kumwambia nyamaza, hayo niliyajua kabla hujazaliwa. Mtoto wa tumbo langu! Ndiyo maana nayasema yote leo. Ugonjwa huu naujua unavyoingia na unavyotembea, na Jumatatu niliuona unatembea humu chumbani.

Kifungua mimba, nipe maji kwanza. Hapo hapo, yatosha.

Baba yenu alipofariki, nilikutoa shule nikakupeleka kiwanda cha uchapaji, ili mdogo wako asome. Nilikufanyia kile kile nilichofanyiwa, huku nakijua uchungu wake. Hilo ni kosa langu la pili, na ni kubwa kuliko la kwanza. Unachapa vitabu vya wenzio, unarudi na wino kwenye kucha, mdogo wako anazungumza habari za mataifa mezani, na watu wanakuita kaka mwema. Mwanangu, nakujua kama kiganja changu. Ufunguo wa sanduku la posta unao wewe. Jumatatu mchana uliingia hapa na koti la kazi, ukadhani nimelala, ukaisoma barua yenye muhuri wa chuo umesimama, kisha ukafungua kifuniko cha taipureta. Ulipachagua pale kwa sababu hakuna anayepafungua. Na mimi nilipachagua kwa sababu hiyo hiyo.

Usilie. Sijakuita mwizi. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na nyoka ni mimi. Wewe umekaa nayo siku tatu, mimi nimekaa nayo miaka thelathini na nne, kwa hiyo bado una nafasi ambayo mimi sikuitumia. Inuka. Inua kifuniko. Zimo mbili. Ile yenye muhuri mpe mdogo wako mkononi, wewe mwenyewe, asipewe na mtu mwingine. Bila shaka wanataka jibu, na makaratasi ya watu hawa huwa na tarehe. Ya chini, iliyogeuka rangi kama chai, haijafunguliwa. Hiyo ya mama yenu mdogo.

Kitinda mimba, ipokee, na usimtazame kaka yako hivyo. Akitaka kurudi shule, zamu ya kumuunda ni yako. Nenda kasome. Hizo kopi za tano zisome dirishani, taa haizifai.

Mdogo wangu, ukitaka kwenda, nenda. Mguu wa kushoto unaanza kupoa, lakini sikuombi mkono. Fungua tu... soma yule mwalimu alivyokusema.

Wanangu, Mungu awape kukaa juu ya mto, maji yanakotoka, bila kuuziba. Awape... awape kushangiliana. Nimewaridhia wote.

Na ile sentensi, kitinda. Ya mto. Ukiiandika huko... weka namba ndogo pale juu, na chini ya ukurasa useme imetoka wapi. Nimewapigia watu tanbihi maelfu. Sina... sina hata moja yenye jina langu.